Mabenchi ya Kuazima

Mwanangu Mumbua,

Sasa hivi umetoka hapa mlangoni ukiruka dimbwi la maji ya vyombo, viatu vipya umevishika mkononi visichafuke, na kabla sijafungua mdomo ukaniwekea karatasi mapajani. "Mwaitu, fomu nimemaliza. Usiiguse na mikono ya mafuta." Ukaenda kwa bibi yako, Susu, kuaga, ukiimba. Nikapangusa mikono kwa leso. Nikasoma.

Umeme, Mumbua?

Swali la sita linauliza nyumbani ulikuwa unasomea taa ya aina gani. Na wewe, mtoto niliyemzaa mimi, mtoto ambaye nimempangusa masizi ya koroboi puani kila asubuhi kwa miaka saba, umeandika: umeme. Umeme gani? Ule wa mawinguni wakati wa mvua? Swali la saba, ulisomea wapi: mezani. Meza tuliyo nayo ni moja, mguu wake mmoja ni mawe, na wanaoitumia ni kuku wa Susu yako wakitaka kutaga. Swali la nane, shuleni ulikalia nini: dawati. La tisa, ulikuwa na vitabu vyako mwenyewe: ndiyo, vyote. Nilipofika swali la kumi na moja niliiweka karatasi chini nikaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na shida yoyote. Nikarudi. Hilo la kumi na moja nitalifikia mwisho, bado linaniwasha.

Nilisimama nikufuate huko kwa Susu nikushike sikio. Lakini mimi najijua. Nikianza kukugombeza utanitazama na yale macho ya baba yako, nitacheka, na mambo yatakwisha hapo. Halafu jioni hii boma litajaa watu wa kukuombea, na kesho basi la saa kumi na mbili halingojei mtu. Kwa hiyo naandika. Nimetafuta kalamu nusu saa nzima, nimeipata ndani ya kiondo cha mdogo wako Kavata, imetafunwa. Mambo ya kufua soksi na kusali na kutoazimana kitana utaambiwa na Susu, hatasahau hata moja. Na naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia kule Makindu, tena barua hii ikianguka mikononi mwa baba yako mdogo Musyoka, ya Kikamba angeisomea soko zima. Ya Kiswahili atachoka mstari wa pili.

Sasa nisikilize. Fomu hii si ya shule. Ni ya Miss Zarina, yule Mhindi mwembamba aliyelala kwetu siku mbili ulipokuwa darasa la pili. Wewe unamkumbuka kwa sababu ya peremende. Mimi namkumbuka kwa jambo lingine, ambalo sijawahi kukwambia, na ambalo ilifaa nikwambie kabla hujashika penseli leo.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru. Wakubwa huko Nairobi walitaka kujua shule za Waafrika ziliachwa nyuma kiasi gani na zile za wazungu na zile za Wahindi. Maana wakati wetu sisi zilikuwa tatu, kila rangi na yake, na mtu hakuulizwa akili yake, aliangaliwa ngozi akaonyeshwa mlango. Miss Zarina alikuwa mtafiti. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na daftari akihesabu: watoto wangapi, madawati mangapi, paa ni la nini, maji yako umbali gani. Halafu anaingia nyumbani kwa watu, anakaa, anauliza. Yeye alisomea zile za katikati, za Wahindi. Aliniambia hapa hapa jikoni, akinisaidia kuchagua mawe kwenye muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, "Mama Mumbua, mimi nilikuwa na dawati. Lakini kutoka dirishani niliona uwanja wa shule ya wazungu, nyasi zinamwagiliwa maji. Nikawa najiuliza, hawa wako mbele yangu hivi, na walio nyuma yangu nisiowaona wako wapi?" Ndiyo maana alikuja mpaka huku kwetu Kanyangi. Alikuja kutuona.

Na sisi tukafanya nini? Tukajificha.

Barua ya kusema anakuja ilifika wiki nzima mbele, na hapo ndipo wazimu ulipoanza. Hedimasta wetu wakati huo alikuwa Mwalimu Kilonzo, Mungu amrehemu, mtu mwema kabisa. Akaita wazazi. "Mgeni anatoka Nairobi," akasema. "Anikute nimewakalisha watoto kwenye mchanga kama mbuzi?"

Mama mmoja akasema, "Aibu hiyo si yako, Mwalimu. Ni ya kijiji."

Unajua sisi tulivyo. Mgeni akija, kiti unaazima kwa huyu, vikombe kwa yule, jogoo kwa mwingine, na mgeni anaondoka akidhani amelala kwa chifu. Hiyo ni heshima, na mimi siikatai. Lakini huyu hakuwa anakuja kunywa chai. Alikuwa anakuja kuhesabu! Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tofauti hiyo. Mimi, niliyekuwa na madarasa yangu manne na Kiswahili cha relini, mimi niliyekuwa nimeisoma barua yenyewe kwa macho yangu, nilisimama katikati ya watu nikasema, "Kwani kanisani si kuna mabenchi?"

Walinipigia makofi, Mumbua. Nilikaa chini nikijisikia mtu.

Tukabeba mabenchi yote ya kanisa. Mwalimu Kilonzo akaenda Kitui mjini kwa rafiki yake mwalimu, akarudi na ramani ya dunia, ile ya kutundika, nyuma ina jina la shule nyingine, akaitundika jina likitazama ukuta. Akina mama tukasiriba kuta kwa majivu na udongo mweupe. Watoto wasio na nguo nzuri wakaambiwa siku hiyo waende kuchunga. Wewe ulibaki kwa sababu nilikuazimia gauni. Nusu ya darasa lenu ilikuwa mtoni na ng'ombe, na nusu iliyobaki imekaa juu ya mabenchi kama wako harusini.

Aliposhuka pale sokoni, mzee mmoja alimtazama juu mpaka chini akauliza, "Na huyu anafungua duka la nini?"

Miss Zarina akamjibu kwa Kiswahili, "Duka la maswali, mzee. Na siuzi, nanunua."

"Utafilisika," mzee akasema. "Hapa majibu ni mengi."

Watu wakacheka, wakampenda hapo hapo. Nami nikaitwa kuwa mkalimani wake. Nilitembea nyuma yake na kitambaa kichwani, nikajibu vizuri. Vitabu? Vipo, vimefungiwa kabatini. Hatukuwa na kabati. Watoto wote wako hapa? Wote. Akawa anaandika, anaandika, na mimi kila akiandika nasikia raha kama mtu anayepakuliwa nyama.

Kesho yake ilikuwa zamu ya shule ya ng'ambo ya mto. Na hapa ndipo utacheka, lakini usicheke sana. Wale wa ng'ambo walikuwa wamesikia. Jioni ile ile wakatuma mtu na punda wanne: "Hedimasta wetu anasema, kama mmemaliza na mabenchi, na sisi tunayahitaji." Tukawapa! Tungewanyimaje? Miss Zarina anakula hapa kwetu, anasifu kunde, na mabenchi yanapita nyuma ya boma yakielekea mtoni kumtangulia.

Asubuhi tukaenda naye kwa mguu. Tukaingia darasani, watoto wakasimama, "Good morning, madam," wakakaa. Akahesabu. Halafu akainama kwenye benchi la mwisho. Mwisho wa benchi lile paliungua, Krismasi moja mshumaa ulianguka ukaacha alama nyeusi iliyokaa kama sikio. Akaweka kidole juu ya hilo sikio.

"Mama Mumbua," akasema, polepole tu. "Benchi hili si ndilo niliona kwenu jana?"

Walimu wakanitazama. Mtoto mmoja akatazama dari, na dari haikuwepo.

Nataka ujue kwamba nilikuwa na nafasi. Ilikuwa hapo, wazi kama mlango. Ningesema, "Ndilo, dada. Tumeazima. Watoto wetu wanakaa chini." Maneno hayo yangemalizika kabla hata punda hajalia. Badala yake nikasema, "Hapana. Ni fundi mmoja anayetuchongea sote. Kila benchi analichoma hapo mwisho, ndiyo alama yake."

Akaondoa kidole kwenye lile sikio. Kisha akasema, "Fundi hodari," akaandika.

Fundi hodari! Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kuingia ndani ya gunia nifungwe kamba.

Jumatatu mabenchi yalirudi kanisani na ninyi mkarudi mchangani. Uliniuliza, "Mwaitu, mabenchi yameenda wapi?" Nikakujibu, "Yameenda kuombewa." Ukaamini. Ulikuwa mtoto.

Mwaka uliofuata lori likapita hapa na madawati mapya, yamefungwa kamba, yananukia mbao. Tulitoka mbio kina mama wote, wengine wakapiga vigelegele. Dereva akasimama, akatoa karatasi, akasoma na kidole. "Shule yenu haimo humu." Tukamwambia soma tena. Akasoma tena. "Haimo, mama. Mimi nimetumwa upande wa Ikutha." Akawasha lori. Huko Ikutha kulikuwa na shule moja ambako barua haikuwahi kufika mapema, Miss Zarina akawakuta vile walivyo, watoto wako chini na mwalimu anaandika kwa makaa juu ya mlango. Hawakupata muda wa kuazima kitu chochote. Basi wakapata madawati.

Mimi sikutulia. Nilipoenda Kitui kwa mambo ya kadi ya kliniki ya Kavata, nikapitia ofisi ya elimu nikaomba karani aniangalizie Miss Zarina aliandika nini juu ya shule yetu. Akatoa faili, akapuliza vumbi, akasoma: "Vya kukalia, vinatosha. Vitabu, vinatosha. Mavazi, mazuri. Maelezo yamethibitishwa na mkalimani."

"Mkalimani ni nani?" nikauliza.

"Kalekye. Unamjua?"

"Namjua kidogo," nikasema. Nikatoka.

Nilitembea mpaka stendi bila kuona mtu. Ulikuwa darasa la nne wakati huo, umekalia debe lako la mafuta ya taa ambalo ulilibeba kichwani asubuhi na kulirudisha jioni lisiibwe. Lile kovu nyuma ya paja lako ni la ukingo wa hilo debe. Na mwandiko wako mdogo ambao kila mwalimu anausifu, eti unaandika kama mashine, ni kwa sababu miaka saba uliandikia juu ya goti na goti la mtoto halina nafasi. Mimi nikisikia wanakusifu nanyamaza. Sasa umejua kwa nini.

Utaniuliza, Mwaitu, ulidanganya kwa nini? Hukuwa unamwogopa. Alikuwa anakula kwako.

Nimelifikiria sana, nikilima, nikitwanga. Nadhani nilikuwa nimezoea tangu kitambo. Unajua babu yako mzaa mama alikuwa mtu wa relini pale Makindu. Mama yangu alikuwa anafulia nguo familia moja ya mzungu, mkubwa fulani wa reli, na mimi nikimsaidia kuanika. Walikuwa na binti wa umri wangu, anaitwa Pamela, ambaye tulimwona likizo tu, maana alisoma Nairobi na kulala huko huko. Shule aliyosomea ni hii unayokwenda wewe kesho. Ndiyo hiyo hiyo. Nilipoona jina lake kwenye barua yako ya kuitwa nilikaa chini, ukadhani ni jua.

Mwaka mmoja nilikuwa nimefanya mtihani wa darasa la nne, ule uliokuwa wa kuchuja Waafrika. Mwalimu alisimama mbele yetu akasoma majina matano, akakunja karatasi. Mmoja wetu akauliza, "Na sisi wengine, Mwalimu?" Akasema, "Ninyi mmesoma vya kutosha." Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Wiki hiyo nikamkuta Pamela amekaa kwenye ngazi na kitabu. Nikamwuliza, kwa Kiswahili, alikuwa anakijua vizuri kuliko mama yake, "Wewe mtihani wa darasa la nne ulipita?"

"Mtihani gani?"

"Wa kuchagua nani ataendelea."

Akafikiri. Hakuwa na ubaya, yule mtoto. Akasema, "Kwani kuna mtu haendelei?"

Hebu fikiria. Tuko ua mmoja, nguo zake nimezianika mimi, na hajui kama kuna kitu kama hicho duniani. Akaniuliza, "Na wewe uko darasa la ngapi?" Nikasema, "La tano. Nangoja tu vitabu." Akainuka akaingia ndani, akanitolea kitabu chake cha zamani cha kusomea, chenye jina lake ukurasa wa kwanza. "Basi chukua hiki wakati unangoja."

Ndicho kile kisicho na jalada, Mumbua. Kile nilichokufundishia a, b, c, cha yule paka na yule mvulana mwenye mashua. Kwa hiyo swali la tisa, "vitabu vyako mwenyewe," kitabu kimoja tu kilichoingia nyumba hii kina jina la mtoto mwingine, na nilikipata kwa sababu nilidanganya niko darasa la tano. Sikujua kwamba uongo nao unazoeleka mdomoni. Mara ya kwanza ulinipa kitabu, mara ya pili ukaninyang'anya madawati.

Sasa rudi kwenye fomu yako. Miss Zarina sasa anafuatilia wasichana wa kwanza kutoka huku kwetu kuingia shule zile zilizokuwa za wazungu. Anataka kuona mmeanzia wapi na mtafika wapi. Imeandikwa juu kabisa, Kiingereza na Kiswahili, kwamba majibu hayatawafikia walimu wenu na hakuna atakayerudishwa nyumbani. Ulisoma? Hukusoma. Ulikimbilia kujaza.

Haya, tuseme umeiacha hivyo. Muhula wa kwanza mtaingizwa kwenye chumba cha sayansi, chenye mabomba na vioo, ambacho wewe hujawahi kukiona hata kwenye picha. Utachelewa kidogo. Si kwa ubaya, ni kwamba mwenzako alianza zamani. Halafu mtu atachukua fomu yako na fomu ya binti wa Nairobi ataziweka pamoja. Umeme na umeme. Meza na meza. Dawati na dawati. Ataangalia alama zake na zako. Ataandika nini? Ataandika hawa walipewa sawasawa, kwa hiyo tofauti iko vichwani mwao. Na si kichwa chako peke yako. Ni cha Kavata pia. Kavata Jumatatu anaanza darasa la kwanza, na tangu asubuhi ananidai debe lako, analipiga kama ngoma hapo nje, anadhani ni zawadi.

Hapo ndipo ninapochoka, mwanangu. Si kuchoka na wewe. Nimechoka na sisi sote. Tunanyimwa, halafu mtu akija kuuliza tunamsaidia kuficha!

Najua utasema watakucheka. Sijasahau ile siku ya intavyu, yule msichana aliyekuuliza sweta lako linanukia nini. Tangu siku hiyo umelifua sweta mara nyingi mpaka kiwiko kinaonekana, na mimi nikakupa sabuni tu. Watakucheka, ndiyo. Sitakudanganya tena hata kwa hilo. Wakijua ulikalia debe watataka kujua debe linakaliwaje. Waonyeshe. Ulikalia debe ukawapita wavulana wote wa tarafa hii, na mimi sioni aibu iko wapi, isipokuwa kwangu mimi niliyekusababishia. Hiyo niachie, ni yangu.

Kitu kimoja zaidi. Uligeuza karatasi nyuma? Najua hukugeuza. Kuna maneno kwa kalamu, mkono wake mwenyewe: "Mumbua, nimeona jina lako kwenye orodha nikafurahi sana. Msalimie mama. Mwulize, yule fundi wa mabenchi bado yuko?"

Alijua, Mumbua! Miaka hii yote alijua. Nilipoyasoma nilipandwa na hasira mpaka nikamwambia Susu alipopita hapa kuchukua moto, "Yule mwanamke alijua, na akaandika vinatosha!" Susu akaniuliza, "Aliandika maneno ya nani?" Yalikuwa yangu. Miss Zarina aliniuliza mbele ya watu, mimi niliyejua kila kitu, nikamletea fundi. Alitaka niseme mwenyewe, na sikusema. Sasa amerudi kuuliza tena, na safari hii amekuuliza wewe.

Kwa hiyo fomu yako sitaifuta. Mkono ulinyooka mara mbili nifute, nikauzuia. Nilishawahi kujibu kwa niaba ya watu wengine na umeona yaliyotoka. Raba ya Kavata nimeikata katikati, nusu yako iko ndani ya bahasha hii pamoja na penseli na fomu yako. Barua nitaiweka ndani ya sanduku lako, juu kabisa, juu ya shuka, uione kabla ya kitu kingine. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni safari ndefu, una muda. Ukipenda kuacha umeme wako, uache, utabaki kuwa mtoto wangu na nitakuombea vile vile. Lakini utakuwa umeandika ukijua.

Bado lile la kumi na moja. "Mama yako alisoma mpaka darasa la ngapi?" Na wewe umeandika, Fomu Foo, kidato cha nne kizima.

Nikwambie ukweli, kwanza nilifurahi. Dakika moja hivi nilijiona nimevaa sketi ya shule na soksi ndefu, napita pale Makindu stesheni, Pamela ananipungia mkono. Halafu nikaona uchungu. Maana huyo mama wa Fomu Foo ni nani? Amekuzaa lini? Si yeye aliyekaa na wewe na kitabu kisicho na jalada, akikisia yale maneno asiyoyajua, akikuambia, "Hili tuliruke, mwalimu atatuambia." Ni mimi. Ulipoyajua yote ukanipita nikakaa kando nikifurahi, ni mimi pia. Ukimweka yule pale, mimi nitakuwa nimekufundisha kutokea wapi? Mimi siazimwi, Mumbua, na huyo usiniazimie.

Hilo moja tu nakuomba ulifute. Mengine shauri yako. Futa taratibu karatasi isitoboke, kisha uandike kwa mwandiko wako ule wa gotini. Andika jina langu, Kalekye, andika Makindu, na baada ya hapo

Kavata anaita huko nje, watu wamefika: "Mwaitu! Wameleta mabenchi ya kanisa, wanauliza wayaweke wapi!" Nakuja! Yawekeni hapo kivulini, lile lenye alama ya moto Mumbua atalikalia mwenyewe! Ngoja nimalizie kabla hujarudi. Andika hivi, mama yangu alisoma mpaka darasa la nne.